Dakshineswar na Belur Math, Kolkata: hekalu na nyumba ya watawa kwenye kingo mbili za mto mmoja

Msafiri wa Jeti (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Anayetoka kwetu kwenda India mara nyingi anarudi na habari za hospitali za Chennai, masoko ya Delhi au Taj Mahal. Kolkata haitajwi, na mimi inaniuma, maana kuna sehemu mbili kule zinatazamana kwenye mto Hooghly ambazo ningependa kila mpenda safari humu azione. Upande wa mashariki ni hekalu la Dakshineswar, la Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Upande wa magharibi, ukishuka kidogo na mkondo wa maji, ni Belur Math, makao makuu ya watawa wanaomfuata Ramakrishna, mwalimu wa dini wa Kihindu.

Kwa wasiopenda maandishi marefu, ushauri wangu ni huu: nenda kote kuwili siku moja. Anza Dakshineswar, vuka kwa boti, jioni ikukute Belur. Ukiona moja tu utakuwa umesikia nusu ya habari, kwa sababu nyumba ile ya watawa ilizaliwa ndani ya hekalu lile.

Nianze na mto wenyewe. Hooghly ni tawi la Ganges, na wenyeji wanauita Ganga tu, kwa heshima zote za Ganga. Watu wa pwani mtaupenda. Kolkata iko mbali na bahari, lakini maji pale yanajaa na kupwa, na jeti za kupandia boti zinaelea ili zipande na kushuka nayo. Maji yana rangi ya tope. Mchanga ni mwingi mno, na bwawa la Farakka lililoanza kazi mwaka 1975 lilijengwa ili kuleta maji zaidi ya Ganges upande huu na kuusukuma, bandari ya Kolkata isizibe.

Sasa Dakshineswar. Ukiingia uani unaona hekalu kuu lenye minara tisa, limekwenda juu kama mita 30. Upande wa mtoni kuna vihekalu 12 vya mungu Shiva vimejipanga mstari, sita kulia na sita kushoto, na katikati ni ngazi pana za kushukia majini. Kuna pia hekalu la Radha na Krishna. Watu ni wengi. Kengele, ubani, wauza maua mekundu ya haibiskasi, akina mama wamebeba vikapu vya sadaka, watoto wanalia, foleni inazunguka ua mzima. Ndani, Kali mweusi amesimama juu ya Shiva mweupe aliyelala. Unapata muda mfupi sana mbele yake kabla foleni haijakusogeza.

Kinachonifanya nipapende ni aliyepajenga. Rani Rashmoni alizaliwa mwaka 1793 katika familia ya kawaida ya kijijini, akaolewa na tajiri wa Kolkata, akafiwa na mume, akashika mali yote na kuiendesha mwenyewe. Tabaka lake lilikuwa la wakulima na wavuvi, la chini machoni pa Brahmin, tabaka la makuhani. Wabengali wanasimulia hadi leo jinsi Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilivyowatoza kodi wavuvi wa mto ule. Mama huyu akakodi kipande cha mto kihalali, kisha akafunga minyororo kuukata. Meli za biashara zikakwama. Hoja yake ilikuwa kwamba amelipia samaki, na meli zinawafukuza samaki wake. Kodi ikafutwa.

Mwaka 1847 akanunua kiwanja cha hekalu. Sehemu ilikuwa mali ya Mwingereza, sehemu ilikuwa makaburi ya zamani ya Waislamu. Kazi ikaisha, na tarehe 31 Mei 1855 hekalu likazinduliwa. Lakini kabla ya hapo Brahmin walikataa kuhudumu ndani ya hekalu la mwanamke wa tabaka lile. Aliyefungua njia ni Ramkumar Chattopadhyay, aliyeshauri hekalu liandikwe kwa jina la Brahmin. Rashmoni akaliandika kwa jina la mwalimu wake wa dini, na Ramkumar akawa kuhani. Alikuja na mdogo wake kijana aliyezaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Kamarpukur. Ramkumar alipofariki, mdogo akashika kazi. Huyo ndiye Ramakrishna, na bila yeye Belur isingekuwepo.

Nikipata nafasi usiku nitaleta Belur. Karibuni kwa maswali.

Kahawa na Kashata

Nipo hapa, siti ya mbele. Hiyo ya minyororo mtoni sijawahi kuisikia popote. Shusha sehemu ya pili mkuu.

Dada wa Tanga

Asante sana kaka kwa uzi. Nina swali la dhati. Mimi ni Muislamu na mwezi wa kumi na moja naenda Kolkata kumsindikiza mdogo wangu masomoni. Napenda sana historia na majengo, ila sitaki kushiriki ibada isiyo yangu. Je, nitalazimishwa kuinama, kupakwa rangi usoni au kutoa sadaka? Na hijabu je?

Msafiri wa Jeti

Dada yangu, swali zuri. Nilichokiona ni kwamba mlangoni hakuna anayeuliza dini. Dakshineswar unaweza kukaa uani na kwenye ngazi za mtoni, ukatazama majengo yote usiingie foleni ya madhabahu. Foleni ile ni ya wanaokwenda kuabudu, kwa hiyo ukiiacha unawapa heshima wao na unabaki na amani yako. Sadaka ni hiari. Kuna watu nje watakuja na sinia la maua na kukuambia lazima ununue; kataa kwa upole, endelea na safari. Hijabu haina shida, vazi la staha ndilo linalotakiwa.

Na Ramakrishna mwenyewe, katika miaka yake pale, alishika ibada ya Kiislamu kwa siku kadhaa chini ya mwalimu Muislamu, na siku hizo hakuingia kabisa hekaluni. Baadaye alifanya hivyo hivyo kwa njia ya Kikristo. Alifundisha kwamba njia zote hizo zinafika kwa Mungu mmoja. Wewe na mimi tunaweza kutokubaliana na fundisho hilo, kila mmoja kwa imani yake, lakini linaeleza kwa nini mgeni wa dini nyingine hatazamwi vibaya pale.

Dada wa Tanga

Nimekuelewa. Kwa kweli fundisho hilo mimi sikubaliani nalo, dini yangu ina mipaka yake na naiheshimu. Lakini nimefurahi kujua nitapokewa. Nitakaa mtoni.

Mwanafunzi wa Bengal

Habari zenu wakubwa. Mimi naishi huku kwa masomo, niongezee upande wa usafiri.

Zamani Dakshineswar ilikuwa safari ya basi na jasho. Tangu Februari 2021 metro inafika, ni kituo cha mwisho cha mstari wa buluu upande wa kaskazini. Unapandia katikati ya jiji, Esplanade au Park Street, nauli ni rupia chache tu. Ukishuka kuna daraja la juu la waenda kwa miguu linalokufikisha karibu na lango la hekalu. Maduka ya maua na peremende za maziwa yamejaa humo humo.

Simu na kamera haviingii hekaluni, na viatu vile vile. Vyote unaviacha kwenye vibanda vya kuhifadhia, unapewa tokeni. Usivae viatu vya gharama siku hiyo, na soksi ni muhimu: sakafu ya mawe jua likiwa kali inaunguza nyayo.

Boti za Belur zinaondoka kwenye jeti iliyo jirani na hekalu. Safari ni kama nusu saa au chini ya hapo kutegemea maji. Mnapita chini ya madaraja mawili, moja la reli na magari lililofunguliwa miaka ya 1930 linaloitwa Vivekananda, na jipya la nyaya la mwaka 2007 linaloitwa Nivedita. Kaeni upande wa kushoto mkiwa mnashuka kama mnataka kuona ukingo wa mjini, kulia kama mnataka kuiona Belur inavyojitokeza.

Jambo la kuangalia ni muda. Sehemu zote mbili hufungwa mchana kwa saa kadhaa. Belur kwa kawaida hufunguliwa tena kama saa kumi alasiri. Kwa hiyo maliza Dakshineswar asubuhi, kula huko huko, vuka alasiri. Chakula cha pale ni kochuri: vimikate vya kukaanga vinavyovimba kama maandazi, na mchuzi wa viazi pembeni. Wanakula asubuhi na wanashiba.

Msafiri wa Jeti

Asante mdogo wangu, umenirahisishia kazi. Nimerudi wakuu, sehemu ya pili.

Ramakrishna alifariki Agosti 1886. Nyuma yake alibakiza vijana wachache waliosoma shule za Kiingereza za Kolkata, wengi wa familia zenye uwezo, ambao waliacha kazi na urithi wakawa watawa. Walipanga nyumba mbovu Baranagar kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Majirani walisema ina mashetani. Hawakuwa na kitu. Kiongozi wao alikuwa Narendranath Datta, ambaye dunia inamjua kwa jina la Swami Vivekananda, yule aliyehutubia Bunge la Dini kule Chicago Septemba 1893 akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Aliporudi, tarehe 1 Mei 1897 akaanzisha Ramakrishna Mission, na mwaka uliofuata wakapata kiwanja cha Belur. Fedha za kiwanja na majengo ya mwanzo zilitoka kwa wanawake wawili: Henrietta Müller, Mwingereza, na Sara Bull, Mmarekani. Tarehe 9 Desemba 1898 Vivekananda alibeba begani mwake chombo chenye masalia ya mwalimu wake akakipeleka kwenye ardhi ile mpya. Hapo ndipo Belur Math ilipoanza.

Hekalu kuu unaloliona leo lilikuja baadaye. Vivekananda alikuwa na picha yake kichwani na akaizungumza na mtawa mwenzake Vijnanananda, ambaye kabla ya utawa alikuwa mhandisi wa ujenzi. Vivekananda akafariki tarehe 4 Julai 1902, umri miaka 39, pale pale Belur. Mchoro ukasubiri zaidi ya miaka 30. Ndipo Wamarekani, akiwemo mama mmoja aitwaye Helen Rubel, wakatoa fedha nyingi, na tarehe 14 Januari 1938 Vijnanananda, mzee na mgonjwa, akalizindua mwenyewe. Aprili ya mwaka huo huo akafariki.

Lisimamie kwa mbali kwanza, ulizunguke. Lina urefu wa mita 71 hivi, na limekwenda juu mita 34. Lango linakumbusha mahekalu ya kusini mwa India na ya Kibuddha. Madirisha na vibaraza vya juu ni vya Kirajput na Kimughal, mitindo ya majumba ya wafalme wa kaskazini mwa India. Makuba yana umbo la Kibengali. Ukiingia ndani, ukumbi mrefu wenye nguzo pande zote ni wa kanisa kabisa. Mtu aliyezoea kanisa kuu la Zanzibar au la Mombasa atahisi anajua pa kutembea. Niliogopa kwamba mchanganyiko wa namna hiyo utakuwa fujo. Umetulia. Nadhani ni kwa sababu aliyeuchora alikuwa mhandisi, alijua uzito unakaa wapi. Mbele kabisa ni sanamu ya marumaru nyeupe ya Ramakrishna, ameketi, kazi ya mchongaji Gopeshwar Pal.

Kisha toka nje uelekee mtoni. Kuna mahekalu madogo matatu. La Vivekananda lipo pale mwili wake ulipochomwa. La Brahmananda, rais wa kwanza wa jumuiya. Na la Sarada Devi.

Hapa naomba mnivumilie. Sarada Devi alikuwa mke wa Ramakrishna. Kule Dakshineswar kuna mnara wa muziki, na chini yake kuna chumba kidogo cha pembe nane. Mama huyu aliishi humo miaka mingi, akipika, akihifadhi vyakula humo humo, akiamka kabla ya alfajiri kuoga mtoni watu wasimuone. Ingia ukione ukiwa Dakshineswar, hata kama umechoka na foleni. Mumewe alipofariki, watawa wote walimchukua kama mama yao, na hakuna jambo kubwa lililoamuliwa bila yeye. Alifariki mwaka 1920 na mwili wake ukachomwa ukingoni Belur. Hekalu lake, tofauti na mengine, limegeuzwa uso kuutazama Ganga, kwa kuwa aliupenda mto ule.

Ndiyo maana nasema nendeni kote kuwili. Mjane wa tabaka la chini alijenga upande mmoja, mke wa kuhani akaishi kwenye kijichumba upande huo huo, na wanawake wa ng'ambo ya bahari wakalipia upande wa pili. Vitabu vya safari vinataja majina ya wanaume wawili na kuishia hapo.

Jioni kuna ibada ya taa, aarati. Inaanza jua likizama. Watu wanaketi sakafuni, ngoma ya pakhawaj inapigwa, na watawa wa mavazi ya rangi ya chungwa wanaimba wimbo aliotunga Vivekananda kwa ajili ya mwalimu wake. Hakuna kupiga picha. Ukiingia, kaa mpaka mwisho, usiinuke katikati.

Kahawa na Kashata

Mkuu umetisha. Hiyo ya chumba cha chini ya mnara wa muziki imenigusa, mama yangu amelea watoto saba kwenye chumba na ukumbi. Picha je?

Msafiri wa Jeti

Picha ndani hakuna ndugu yangu, hata uwanjani Belur wanakuzuia, na mimi naafiki. Nilipiga kutoka kwenye boti tu. Nitazitupia hapa nikipata intaneti nzuri.

Mpwani wa Old Town

Ndugu zangu, mimi niko Mombasa na niongeze neno moja, kwa sababu naona hapa mtu anaweza kudhani Mabaniani wote ni wamoja. Majirani zetu Wahindu wa Afrika Mashariki wengi asili yao ni Gujarat na Kutch. Hekalu la Swaminarayan hapa Mombasa, au yale ya Mtaa wa Kisutu kule Dar, ni mila nyengine. Wengi hawali nyama wala samaki. Ukenda Bengal utakuta Mhindu anakula samaki kila siku na Mungu anamwita Mama. Sikukuu kubwa ya Mgujarati ni Navratri ya kucheza dandia, na siku hizo hizo Mbengali anasherehekea Durga Puja, sikukuu ya mungu mama Durga, kwa vibanda vikubwa vya sanamu za udongo zinazozamishwa mtoni siku ya mwisho. Nimekulia na jirani Mgujarati, na yeye mwenyewe alipokwenda Kolkata alishangaa kama mgeni.

Msafiri wa Jeti

Ahsante sana kaka, umesema kweli tupu. Na kwa mnaotaka kwenda wakati wa Durga Puja: Belur wana ibada maalumu siku hizo, Kumari Puja, msichana mdogo anaheshimiwa kama mungu mwenyewe. Vivekananda aliianzisha pale mwaka 1901. Umati ni mkubwa mno. Mwenye mtoto mdogo au mzee asiende siku hiyo.

Mama Wawili

Nimesoma mpaka mwisho. Swali la gharama na kulala. Nasikia nyumba za watawa hulaza wageni bure, ni kweli? Na chakula cha mchana wanagawa?

Mwanafunzi wa Bengal

Shikamoo mama. Kulala Belur kwenyewe si kwa mtalii wa kupita. Nyumba za wageni zao ni za waumini, na ruhusa inaombwa mapema kwa maandishi. Tawi lao la Golpark, kusini mwa jiji, lina nyumba ya wageni inayopokea watu wa nje, wasomi hasa, nalo ni la kulipia na linajaa haraka. Kuhusu chakula, mchana wanagawa khichuri, wali uliopikwa pamoja na dengu na mboga, kwa waliofika asubuhi. Mnaketi kwa mstari mnapakuliwa. Watu wanaacha mchango kwa kadiri ya uwezo. Kwa hiyo mnaotaka kula Belur mpange upya: nendeni asubuhi na mapema upande huo kwanza.

Kurudi mjini usiku, boti zinakuwa zimeisha. Panda basi mpaka Howrah, halafu metro inayopita chini ya mto, ilifunguliwa kwa abiria Machi 2024. Ni ya kwanza India kupita chini ya mto.

Mama Wawili

Marahaba mwanangu, soma kwa bidii. Na kitu kingine: hao watawa wote uliowataja ni wanaume. Mwanamke akitaka je?

Msafiri wa Jeti

Mama, Vivekananda mwenyewe alitaka iwepo nyumba ya wanawake isiyo chini ya wanaume. Ilichelewa mpaka mwaka 1954, ndipo Sri Sarada Math ikaanza, na miaka michache baadaye ikajitegemea kabisa: viongozi ni wanawake, mali ni yao, maamuzi ni yao. Na makao yao makuu yapo Dakshineswar, ukingoni mwa mto, upande ule ule wa kijichumba cha Sarada Devi. Ni mahali pa utulivu mkubwa na watalii hawapajui. Ukifika hekaluni uliza Sarada Math, dereva yeyote wa bajaji pale anapajua.

Dada wa Tanga

Hapo nitapita. Kaka, viza na chanjo ulifanyaje?

Msafiri wa Jeti

Viza ya mtandaoni, Watanzania na Wakenya tunaruhusiwa, unaomba kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe; kuna tovuti nyingi za kati zinazotoza mara mbili, ziepukeni. Kadi ya manjano ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi kubwa, maana wanaweza kuiomba kabla hujafika kwenye mizigo. Ndege ya moja kwa moja toka kwetu hadi Kolkata hakuna, mimi nilipitia Mumbai kisha nikachukua ndege ya ndani. Novemba uliyochagua ni mwezi mzuri, mvua za masika yao zimekwisha na joto limepungua. Mdogo wako akishapata chumba, mwombe Mwanafunzi wa Bengal hapo juu amwelekeze mambo ya kadi ya metro.